Fimbo ya Mwalimu Niijima

Zamani sheria ya Japani ilikataza watu kusafiri ng'ambo, na aliyeivunja aliweza kuuawa. Hata hivyo, mwaka 1864 kijana Niijima Jo alipanda merikebu kwa siri, kwa kuwa alitamani sana elimu. Akasoma Marekani, na Wakristo wa huko wakamchangia fedha za kuanzisha shule kwao.

Shule hiyo ilifunguliwa mjini Kyoto tarehe 29 Novemba 1875, ikiwa na walimu wawili na wanafunzi wanane. Iliitwa Doshisha, maana yake chama cha watu wenye nia moja.

Mwaka 1880 palitokea ugomvi, wanafunzi wengine wakakataa masomo. Niijima hakumpiga hata mmoja. Alisimama mbele ya shule nzima, akasema kwamba kosa ni lake yeye mkuu wao. Kisha akajipiga mkono kwa fimbo hata ikavunjika.

Alifariki mwaka 1890. Mwaka 1920 serikali iliitambua Doshisha kuwa chuo kikuu kamili, lakini haikuwa mali ya serikali. Leo shule zake, tangu za watoto wadogo hata chuo kikuu chenye vitivo 14, zi chini ya baraza lake lenyewe.

Je, msomaji, ungalikuwapo siku ile ya fimbo, ungalifanya nini?