Lazaro Alitoka Kaburini Akiwa Bado Amefungwa

SOMO LA WIKI
Maandiko: Yohana 11:38-44, Isaya 55:2, Wagalatia 6:1-2

Wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe.

Jumapili moja mwaka jana, katikati ya mahubiri, nilisema nasikia harufu ya sigara kwenye viti vya nyuma, na kwamba hekalu la Roho Mtakatifu halina bomba la moshi. Watu wakacheka. Mzee mmoja hakucheka, na hakuonekana tena kanisani kwa miezi minne. Nilipomfuata nilimkuta shambani kwake, kikapu cha majani chai mgongoni. Alinikaribisha vizuri, kisha akaniuliza, "Pasta, mimi niliokoka kweli. Sasa mbona mkono bado unaenda mfukoni?"

Sikuwa na jibu. Nilisomea biashara, si udaktari. Nikaenda kutafuta. Ninayaandika haya kwa ruhusa yake.

1. Ndani ya jani mna nini?

Tumbaku ni ndugu wa nyanya, viazi na managu. Mizizi yake hutengeneza nikotini, nayo hupanda mpaka kwenye majani. Kazi yake huko ni kuukinga mmea na wadudu. Sisi wa Itumbe tunaweza kulielewa hili, maana hata majani chai tunayopeleka kiwandani yana kafeini, ambayo nayo ni kinga ya mmea. Lakini nikotini ni kali kuliko kafeini, na hufunga mtu zaidi sana. Ilitengwa kutoka kwenye jani mwaka 1828 huko Ujerumani, na baadaye watu wakaitumia kama dawa ya kuua wadudu shambani.

Jirani zetu wa Kuria, kule Migori, wamelima tumbaku kwa miaka mingi. Mkulima hukata maua ili nguvu ya mmea iende kwenye majani, na nikotini huongezeka. Anayechuma majani mabichi yenye umande anaweza kupata kizunguzungu na kutapika, kwa sababu nikotini hupita kwenye ngozi. Jani likikaushwa na kuwekwa ghalani, sehemu ya kemikali zake hugeuka kuwa nitrosamini, ambazo huleta saratani. Kwa hiyo hata ugoro, usio na moshi, si salama. Na jani likiwashwa, moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000. Angalau 70 kati ya hizo huleta saratani.

Kwa hiyo nikotini ni kamba inayomfunga mtu, na madhara makubwa zaidi yanatoka kwenye moshi anaouvuta akiwa amefungwa.

2. Kwa nini mkono unaenda mfukoni?

Mtu akivuta, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 na kuleta hali ya kuridhika. Baada ya saa mbili hivi, nusu yake imeshatoka kwenye damu. Ubongo uliozoea unaanza kudai: hasira, kukosa utulivu, usingizi kukatika. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, maana usiku kucha haujalipwa. Mzee aliniambia mwili wake humwamsha kabla ya jogoo. Mimi madhabahuni nilikuwa nimeuita uasi. Kumbe alikuwa anaamka na deni kila siku, na hakuwa na wa kumwambia.

3. Hebu tupige hesabu

Katika biashara, mteja anayerudi kila siku bila kubembelezwa ni dhahabu. Tuseme sigara moja ni shilingi 15, na mtu anavuta sita kwa siku. Hiyo ni shilingi 90 kwa siku, na kwa mwaka 32,850. Ni bonasi ya majani chai ya nyumba ngapi hapa kwetu? Isaya anauliza kwa nini tutumie pesa kwa kitu kisichoshibisha.

Na haya si mambo ya mtu mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Wakenya wazima milioni 2.5 walitumia tumbaku, karibu mwanaume mmoja kati ya watano. Sheria ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia mtoto chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara mojamoja. Wenye maduka mlioko hapa kanisani, mnajua mnachouza.

Uingereza, Doll na Hill walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wenyewe, wanaovuta na wasiovuta. Baada ya miaka 50 ilionekana kwamba wavutaji walikufa mapema kwa karibu miaka 10. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 50 alirudishiwa kama sita, na aliyeacha akiwa na 60 kama mitatu. Wazee wangu, bado kuna faida!

4. Mfungueni

Turudi Bethania. Yesu alimwita Lazaro, naye akatoka akiwa hai kabisa. Lakini mikono na miguu ilikuwa bado imefungwa sanda. Yesu hakumkemea kwa zile sanda. Aliwageukia waliosimama pale, akawaagiza wamfungue. Uhai ulitoka kwa Bwana, na kazi ya kufungua akawapa ndugu. Tufanyeje?

- Chagua siku ya kuacha, mwambie mtu mmoja unayemwamini.
- Jiandae kwa wiki ya kwanza, ndiyo ngumu. Kwa wengi makali hupungua ndani ya wiki chache.
- Nenda kituo cha afya uulizie dawa za kusaidia kuacha. Kumeza dawa si kukosa imani.
- Ukianguka, rudi siku hiyohiyo. Wengi huanguka mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa.
- Ndugu, usicheke. Tembelea, piga simu alfajiri, omba naye.

Nilimwomba mzee msamaha shambani, kisha mbele ya kanisa. Sasa kila siku saa kumi na moja asubuhi nampigia. Ana miezi mitano. Aliteleza mara moja, kwenye matanga, na akanipigia yeye kabla sijampigia.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Je, kuna mtu aliyeacha kuja kanisani kwa sababu ya neno langu?
2. Ni sanda gani ninayoificha mimi?
3. Wiki hii nitamsaidia nani kufunguliwa?

Tuombe: Bwana, tupe mikono ya kufungua kuliko vidole vya kunyoosha. Amina.