Suria na Mjakazi wa Unguja

Zamani za utumwa katika kisiwa cha Unguja, wanawake watumwa hawakuwa wa daraja moja. Mjakazi aliyeletwa juzi kutoka bara, ambaye hajajua Kiswahili, aliitwa mjinga, na kazi yake ilikuwa jembe na kuchuma karafuu. Mzalia, yaani aliyezaliwa kisiwani katika nyumba ya bwana wake, alipata kazi nyepesi zaidi. Juu yao alikuwako suria, mjakazi aliyewekwa na bwana wake kama mke, bila kuolewa.

Suria alinunuliwa kwa fedha, wala hakuulizwa kama ataka. Walakini sheria ya Kiislamu ilisema kwamba akimzalia bwana wake mtoto, hauzwi tena, na bwana akifa yeye huwa huru. Naye mtoto ni mwungwana tangu kuzaliwa, hurithi pamoja na watoto wa mke wa ndoa. Sivyo ilivyokuwa katika mji wa Athens, nchi ya Uyunani ya kale. Huko sheria ya Pericles, ya mwaka 451 kabla ya Kristo, ilitaka baba na mama wote wawili wawe wenyeji wa mji, ndipo mtoto ahesabiwe mwenyeji. Mwana wa mjakazi hakuwa na fungu.

Tazameni jumba la Seyyid Said bin Sultan. Mkewe, Bibi Azza binti Seif, hakuwa na mtoto. Seyyid alipokufa mwaka 1856 aliacha watoto 36, wote wa masuria. Mama yake Majid alikuwa Mcherkesi, mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Na wana hao wawili walitawala Unguja, mmoja baada ya mwenzake. Binti mmoja, Salme, aliolewa na Mjerumani, akaandika habari za maisha yake katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1886. Humo asimulia jinsi mama yake, Jilfidan, alivyotekwa na wanyang'anyi angali mtoto mdogo. Lakini katika kitabu hicho hicho autetea utumwa wa Waarabu! Ndivyo mtu aonavyo mambo akiwa amelelewa kwenye zulia.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 Sultani Hamud bin Muhammad alitoa amri kwamba mtumwa aweza kwenda barazani kudai uhuru wake, na bwana alipwe fidia. Masuria hawakutiwa katika amri ile, kwa kuwa wakubwa walisema wao ni kama wake. Walingoja hata mwaka 1909. Hata hapo sharti lilikuwa zito: suria akiondoka pasipo ruhusa ya bwana, hupoteza haki ya kulea watoto wake. Basi alichagua nini, uhuru wake au mwanawe? Bara, katika Tanganyika, sheria ya kukomesha utumwa ilitoka mwaka 1922.

Wajakazi walioachwa huru walijulikana kwanza kwa mavazi. Zamani mjakazi alijifunga kaniki, kichwa wazi, maana kujifunika kichwa kulikuwa kwa waungwana. Baada ya mwaka 1897 kaniki ikatupwa, zikanunuliwa kanga za rangi, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda kichwani. Na baadaye wengi wakavaa buibui, hata mpita njia asiweze kupambanua bibi na aliyekuwa mjakazi wake.