Picha Moja kwa Siku: Jibu kwa Mwenye Duka wa Kegonga

Barua iliyoifikia safu hii kutoka Kegonga, mji ulio makao ya utawala wa Kuria Mashariki katika kaunti ya Migori, imeandikwa na mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, duka la aina ambayo Wakenya huiita agroveti, ambaye tangu Januari amekuwa akipiga picha moja kila siku kwa simu yake bila kulipwa wala kutumwa na mtu. Analalamika kwamba mji ni mdogo na siku zinafanana, hata picha za Machi hazitofautiani na za Februari. Kwamba amewahi kuruka siku kadhaa na sasa anaona mradi umekwisha kuharibika. Kwamba mzee mmoja alimwuliza mbele ya wateja anawapiga watu picha kwa niaba ya nani. Na kwamba mkewe anauona mchezo huo wote kuwa ni kupoteza wakati wa biashara. Anauliza kama aendelee au aache.

Aendelee, ila si kwa namna anayoendelea nayo sasa. Barua yake inaonyesha mtu anayechanganya kazi mbili ambazo hazina budi kutenganishwa: kupiga picha nzuri, ambayo husimama peke yake na kuhukumiwa kwa kuitazama, na kupiga picha ya mfululizo, ambayo yenyewe yaweza kuwa haina mvuto wowote lakini hupata thamani kutokana na zile zilizoitangulia na zitakazoifuata. Anayedai uzuri kila siku huchoka mapema, kwa kuwa uzuri hauna ratiba, na matokeo yake ni kwamba huanza kuzunguka mji akitafuta machweo na watoto wanaocheka, vitu ambavyo hupatikana popote na havielezi chochote kuhusu Kegonga.

Mfano unaotajwa sana katika jambo hili ni wa Jamie Livingston, mkazi wa New York aliyepiga picha moja ya Polaroid, yaani picha ya karatasi inayojisafisha yenyewe mara itokapo kwenye kamera, kila siku kuanzia tarehe 31 Machi 1979 hadi tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki, ambayo pia ndiyo siku aliyotimiza miaka 41. Picha hizo ni zaidi ya 6,000, na nyingi kati yake zingetupwa na mhariri yeyote wa gazeti: meza yenye mabaki ya chakula, rafiki aliyeketi, barabara isiyo na tukio. Zikipangwa kwa tarehe, hata hivyo, zinakuwa maisha kamili ya mtu, ugonjwa wake wa mwisho ukiwamo. Mwenye duka atapendezwa zaidi, pengine, na filamu ya Smoke ya mwaka 1995, iliyoandikwa na Paul Auster na kuongozwa na Wayne Wang, ambamo muuza tumbaku wa Brooklyn hupiga picha ya njia panda ileile, mbele ya duka lake, saa mbili kila asubuhi kwa miaka mingi. Huyo ni mhusika wa kubuni tu, lakini njia yake ni ya kweli, nayo ndiyo inayopendekezwa hapa: mahali palepale, saa ileile, upande uleule.

Kegonga inaifaa njia hiyo kuliko New York. Mji uko zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana una takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, na jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na karibu saa moja kamili, mwezi wowote ule. Katika nchi za kaskazini picha ya saa mbili asubuhi hupigwa gizani wakati wa baridi na kwenye mwanga mkali wakati wa joto, kiasi kwamba mtazamaji huona zaidi mabadiliko ya jua kuliko ya mtaa. Kuria, ambako mwanga haubadiliki sana, kinachobadilika katika picha ni mtaa wenyewe. Jua nalo lina tofauti moja ambayo mtu mwenye kibaraza anapaswa kuijua: kuanzia siku chache kabla ya tarehe 20 Machi hadi siku chache baada ya tarehe 22 Septemba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa mji, na miezi iliyobaki hupita kusini, hivyo duka linalotazama kaskazini huingiwa na jua nusu ya mwaka na kukaa kivulini nusu nyingine. Mpigapicha anayesema kwamba Machi haitofautiani na Februari hajatazama sakafu ya kibaraza chake.

Saa inayofaa ni kama saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado chini na likimulika nyuso kutoka ubavuni. Picha ya saa sita mchana hupata mwanga wa utosini unaoficha macho, na hasara huwa kubwa zaidi kwa mtu mwenye ngozi nyeusi anayesimama chini ya paa la mabati huku nyuma yake kukiwa na anga jeupe, kwa sababu kamera ya simu hupima mwanga wa eneo zima na kutafuta wastani, nalo anga likishinda hesabu hiyo, mtu huyo hugeuka kivuli. Dawa ni kugusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, ili kamera ipime mwanga hapo.

Zaidi ya mtaa, mwenye agroveti ana jambo ambalo wapigapicha wa mijini hawana, nalo ni rafu yake ya mbegu. Kuria ni nchi ya mahindi na tumbaku, na tumbaku hudai kazi nyingi, tangu kitalu hadi kuhamishia miche shambani, kuvuna majani kidogo kidogo kuanzia ya chini, na kuyakausha katika mabanda yanayopashwa moto kwa kuni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020, mpango wa mashamba yasiyo na tumbaku, unaoendeshwa na Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani pamoja na serikali ya Kenya, umekuwa ukiwashawishi wakulima wa Migori wahamie kwenye maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Mpango wa aina hiyo huandikiwa ripoti nene. Lakini picha ya rafu ileile, inayoonyesha ni mbegu gani iliisha na ni mfuko upi uliokaa ukipata vumbi, ni ushahidi ambao ripoti hazina, na hakuna aliye mahali pazuri pa kuupata kuliko mwandishi wa barua hii.

Siku zilizorukwa ziachwe kama zilivyo. Kuziba pengo kwa picha ya siku nyingine ni kughushi kumbukumbu, ilhali pengo lenyewe lina habari: matanga, homa, mvua iliyokata barabara. Inatosha kuandika sababu kwa maneno machache kwenye daftari.

Daftari hilo lina umuhimu kuliko simu. Miongoni mwa Waluo, majirani wa Wakuria katika kaunti hiyohiyo, mwanaanthropolojia Edward Evans-Pritchard alipiga picha mwaka 1936, nazo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Pitt Rivers mjini Oxford; mwaka 2007 Gilbert Oteyo na Christopher Morton walirudisha nakala zake magharibi mwa Kenya kwa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene na kuyafanya katika maboma ya watu, mbele ya wajukuu wa waliopigwa picha. Katika kazi kama hiyo kila kitu hutegemea maandishi: picha yenye jina la mtu hupata wenyewe, na ile iliyoandikwa tu kwamba ni mwanamke wa kabila fulani hubaki ikisubiri bahati. Kwa hiyo kila picha iandikiwe tarehe, mahali na jina. Simu huandika yenyewe data fiche, yaani maelezo ya tarehe na wakati yaliyomo ndani ya faili, lakini picha inapotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kuvuliwa maelezo hayo. Anayetuma picha kwa jamaa kisha akaifuta ya asili ili kupata nafasi hubakiwa na nakala isiyo na tarehe. Picha za mwaka mzima hazizidi sana gigabaiti moja au mbili, na memori kadi ya bei nafuu huzibeba zote.

Swali la mzee lilikuwa la haki. Katika eneo lenye historia ndefu ya wizi wa ng'ombe na migogoro ya mipaka ya ardhi, mtu anayepiga picha kila siku bila kueleza sababu anastahili kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimbani anayekusanya picha kwa ajili yake na nyumba yake tu, lakini Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na mara picha inapobandikwa mtandaoni au kutumiwa kutangaza duka, idhini ya aliyepigwa inahitajika, na kwa mtoto idhini ya mzazi. Yapo pia mambo ambayo hayana nafasi kabisa katika mfululizo huu. Msimu wa tohara unapofika na barabara kujaa ngoma, msichana anayepitishwa humo akiwa amekeketwa ni mhanga wa kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2011, na sura yake si pambo la albamu ya mtu. Mzee huyo afuatwe nyumbani kwake kwa heshima, aonyeshwe picha, na aombwe kutaja majengo yaliyokuwapo kabla ya maduka ya sasa. Majibu yake yaingie daftarini.

Kuhusu mke, lalamiko lake lina uzito kuliko barua inavyokiri, kwa kuwa mteja anayekuja kununua dawa ya kupe hapaswi kumngojea mwenye duka amalize kutafuta mawingu. Picha ikipigwa kabla ya mlango kufunguliwa, hoja hiyo itakuwa imekwisha, na kama manung'uniko yataendelea hata hapo, basi chanzo si kamera, na safu hii itahitaji kuandikiwa barua nyingine.