SOMO LETU: TUNAVYOMCHAGUA MBUNGE



Katika somo hili tutazungumza juu ya uchaguzi wa wabunge. Mifano mingi tumeichukua hapa hapa kwetu, wilaya za Ngara na Biharamulo. Soma polepole. Ukikuta neno gumu, litafute mwishoni, tumelieleza. Mwishoni pia kuna maswali. Yajibuni pamoja, nyumbani au kwenye kikundi chenu cha kujisomea.

1. Mbunge anafanya kazi gani?

Wengi wetu tunamjua mbunge kwa gari lake na hotuba zake. Lakini kazi zake hasa ni hizi:

(a) Kutunga sheria pamoja na wabunge wenzake.
(b) Kuijadili na kuipitisha bajeti, yaani hesabu ya mapato na matumizi ya serikali.
(c) Kuwauliza mawaziri maswali na kuisimamia serikali.
(d) Kupeleka bungeni shida na mawazo ya watu wa jimbo lake.

Basi mbunge si mtu wa kutugawia fedha za mfukoni kwake. Watu wa Rulenge wakitaka barabara, au watu wa Nyakahura wakitaka dawa zahanati, mbunge hatoi pesa zake. Kazi yake ni kusema, kuuliza, kufuatilia, mpaka fedha za umma zije. Tangu mwaka 2009 ipo sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Fedha za mfuko huo pia ni za umma, si zawadi ya mbunge.

Tusimchanganye mbunge na diwani. Diwani huchaguliwa na kata, naye hukaa katika halmashauri ya wilaya. Mbunge huchaguliwa na jimbo zima, naye huenda Dodoma.

2. Zamani: jembe na nyumba

Wazee wetu wanakumbuka uchaguzi wa mwaka 1965. Wakati ule bara tulikuwa na chama kimoja tu, TANU. Watu walikuwa wakijiuliza: chama kikiwa kimoja, tutachagua nini?

Jibu lilikuwa hili. Katika jimbo, wanachama kadhaa waliomba kugombea. Mkutano mkuu wa TANU wa wilaya uliwapigia kura. Kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama iliteua wawili. Hao wawili wakaletwa mbele ya wananchi wote, nao wananchi wakamchagua mmoja.

Sasa, wakati ule watu wazima wengi hawakujua kusoma. Ukimwandikia mtu majina mawili kwenye karatasi, atajuaje lipi ni lipi? Kwa hiyo kila mgombea alipewa alama. Mmoja alipewa jembe, mwingine alipewa nyumba. Mpiga kura aliweka alama yake penye jembe au penye nyumba.

Wagombea wawili hao walitembea pamoja na kuhutubia mikutano ile ile. Walikatazwa kuomba kura kwa ukabila, kwa rangi au kwa dini. Hata hivyo ubishi haukukosekana. Wa jembe alisema jembe ndilo linalotulisha. Wa nyumba alisema bila nyumba mkulima atalala wapi? Watu walicheka, lakini kulikuwa na hatari ndani yake. Mtu angeweza kulipenda jembe na asimjue kabisa mtu aliye nyuma ya jembe.

Pamoja na hayo, kura zile zilikuwa na nguvu. Mwaka 1965 Paul Bomani, ambaye alikuwa Waziri wa Fedha, alishindwa katika jimbo lake huko Mwanza. Waziri mzima aliangushwa na karatasi ya mkulima! Tangu hapo wakubwa walijua kwamba cheo hakimlindi mtu asiyetakiwa na watu wake.

3. Vyama vingi: mfano wa Biharamulo

Mwaka 1977 TANU iliungana na Afro-Shirazi ya Zanzibar, ikazaliwa CCM. Mwaka 1992 sheria ilibadilishwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mabadiliko hayo ulifanyika mwaka 1995.

Mwaka huo wilaya ya Biharamulo ilikuwa na majimbo mawili: Mashariki na Magharibi. Biharamulo Mashariki walimchagua John Pombe Magufuli wa CCM. Baadaye sehemu hiyo ikawa wilaya ya Chato, na mwaka 2012 Chato iliingia katika mkoa mpya wa Geita. Magufuli alichaguliwa kuwa Rais mwaka 2015, na alifariki dunia mwaka 2021. Kumbe mtu aliyeanza kwa kura za vijijini anaweza kufika mbali kabisa.

Sasa tazameni Biharamulo Magharibi:

Mwaka 2005 alishinda Phares Kabuye wa TLP. Katika nchi nzima, TLP ilipata jimbo hilo moja tu.
Kabuye alifariki dunia mwaka 2009. Mwaka huo huo ulifanyika uchaguzi mdogo. Alishinda Oscar Mukasa wa CCM.
Mwaka 2010 alishinda Dk. Anthony Mbassa wa CHADEMA.
Mwaka 2015 Oscar Mukasa wa CCM alirudi.
Mwaka 2020 alishinda Ezra Chiwelesa wa CCM.

Hebu hesabuni. Kutoka 2005 mpaka 2015, kiti kile kilikaliwa na vyama vitatu. Wapiga kura wengi walikuwa wale wale, wa mashamba yale yale. Maana yake ni kwamba hakuna chama chenye hati ya kumiliki jimbo. Na anayeshindwa leo si lazima afe moyo. Mukasa alikosa kiti mwaka 2010, akakipata tena mwaka 2015.

4. Mfano wa Ngara

Ngara mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mwaka 2010 alishinda Deogratias Ntukamazina. Mwaka 2015 alishinda Alex Gashaza. Mwaka 2020 alishinda Ndaisaba Ruhoro. Wote watatu ni wa CCM.

Mtu akitazama haraka atasema, "Ngara hakuna mabadiliko." Si kweli. Chama kilikuwa kile kile, lakini katika chaguzi tatu mfululizo aliyeshinda alikuwa mtu mpya. Mahali kama hapo mbio kubwa huanza mapema, ndani ya chama, katika kura za maoni. Wanachama hupiga kura, na vikao vya juu vya chama hutoa uamuzi wa mwisho.

Funzo ni hili: mwanachama asiyehudhuria kikao cha chama chake asishangae siku ya uchaguzi akikuta jina asilolipenda. Wenzake walikwisha kuamua.

5. Nani anaweza kugombea? Nani anaweza kupiga kura?

Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema mgombea ubunge awe raia wa Tanzania mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Tena awe anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza.

Someni tena hiyo ya mwisho. Katiba haikudai digrii. Inataka mtu ajue kusoma na kuandika, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Wewe unayesoma gazeti hili unalo sharti hilo tayari, mwanamume kwa mwanamke.

Mpiga kura awe raia, awe ametimiza miaka 18, na awe amejiandikisha. Sisi tunakaa mpakani na Burundi na Rwanda, na kwa miaka mingi tumepokea wakimbizi. Mgeni wetu tunampa heshima na chakula. Lakini kura ni ya raia peke yake. Vile vile, mtu asimnyime jirani yake raia haki hii kwa sababu tu ya lugha anayoongea au sura yake. Kama kuna shaka, iko njia ya sheria ya kuweka pingamizi, tena kwa ushahidi.

6. Siku ya kura

Karatasi ya kura ya siku hizi ina picha za wagombea, majina yao, na majina na alama za vyama vyao. Mambo huenda hivi:

Kwanza, unaonyesha kadi yako na jina lako linatafutwa kwenye daftari.
Pili, unapewa karatasi. Isome yote, kutoka juu mpaka chini. Usikimbilie picha ya kwanza.
Tatu, unaingia kwenye kituturi peke yako. Weka alama ya vema kwa mgombea mmoja tu.
Nne, unaikunja karatasi na kuitumbukiza sandukuni.

Ukiweka alama kwa wagombea wawili, au ukiandika jina lako, kura yako itakataliwa. Ukikosea kabla ya kuitumbukiza, mrudishie msimamizi wa kituo, umwombe nyingine.

Asiyeweza kusoma, au asiyeona, anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini. Hapo ndipo faida ya kisomo inapoonekana. Anayesaidiwa siri yake inajulikana na watu wawili. Anayejisomea mwenyewe, siri yake anaijua yeye na Mungu wake.

7. Chumvi, khanga na pombe

Wakati wa kampeni wengine huja na khanga, chumvi, au ndoo ya pombe. Wengine huja usiku, wanataka kuandika namba ya kadi yako, wanasema, "Tutajua umempigia nani." Msiwaogope. Namba ya kadi haimwambii mtu umeweka alama wapi. Kituturi kimewekwa kwa ajili hiyo.

Kununua kura ni kosa la jinai, na kuiuza pia ni kosa. Tena pigeni hesabu. Tuseme mtu amekupa shilingi 5,000 kwa kura yako. Mbunge anakaa miaka 5. Gawanya 5,000 kwa 5, unapata shilingi 1,000 kwa mwaka. Igawe hiyo kwa siku 365. Haifiki shilingi 3 kwa siku! Hata njiti za kiberiti za kutosha huzipati. Mbaya zaidi, aliyekununua hana deni kwako. Ukimuuliza habari za barabara, atajibu moyoni: "Huyu nilikwisha kumlipa."

8. Hesabu ya ushindi

Kwetu, anayeshinda ubunge ni yule mwenye kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake. Si lazima apate zaidi ya nusu. Tuchukue mfano wa kituo chenye wapiga kura 100. Wa kwanza akipata 40, wa pili 35, wa tatu 25, ameshinda wa kwanza, ingawa watu 60 hawakumtaka. Zamani za jembe na nyumba jambo hili halikuwezekana, maana wagombea walikuwa wawili tu.

Tena, waliobaki nyumbani hawahesabiwi popote. Katika mfano huu, watu 6 tu waliokwenda shamba siku ile wangeweza kumpa ushindi wa pili. Watu 6 ni nyumba mbili tu za kijijini!

Baada ya kuhesabu, matokeo hubandikwa nje ya kituo. Nendeni mkayasome, mkaandike hesabu kwenye daftari zenu. Asiyeridhika huenda Mahakama Kuu na ushahidi wake. Haendi barabarani na mawe, na wala hamchomei jirani yake nyumba.

MANENO MAGUMU

Kituturi: mahali palipozibwa pa kupigia kura kwa siri.
Kura za maoni: kura za wanachama ndani ya chama, za kutafuta mgombea.
Pingamizi: hoja ya kisheria ya kukataa jambo.
Uchaguzi mdogo: uchaguzi wa kujaza kiti kilichobaki wazi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja kazi nne za mbunge. Ipi inahitajika zaidi kijijini kwenu?
2. Kwa nini mwaka 1965 wagombea walipewa jembe na nyumba? Ubaya wake ulikuwa nini?
3. Biharamulo Magharibi na Ngara zilitofautiana vipi?
4. Mtu akikupa shilingi 10,000 auze kura yako kwa miaka 5, umelipwa shilingi ngapi kwa mwaka?
5. Andika barua fupi kwa mbunge wako. Mweleze shida moja tu ya kijiji, na umwombe akujibu.