MATOKEO YA GREDI YA 9 HUANZA KUHESABIWA MAPEMA
Somo la wazazi na Jumuiya Ndogo Ndogo



Ndugu wasomaji, tunapokutana na wazazi wa parokia, swali moja linarudi kila mara: "Huu mtihani wa Gredi ya 9 unahesabiwaje?" Swali ni la haki. Wengi wetu tulizoea KCPE, iliyofanywa tangu 1985 hadi 2023. Mtoto aliandika karatasi zake kwa siku chache, na hizo ndizo zilizoamua ataenda shule gani. Kazi ya darasani ya miaka minane haikumwongezea hata alama moja.

Mambo yamebadilika. Watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi, ule tunaouita CBC, walifanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10. Matokeo yao hayakutoka kwa mtihani huo peke yake. Tujifunze pamoja, maana mzazi asiyejua hesabu hii anaweza kumpotezea mtoto alama bila kukusudia.

MAHARAGWE MIA MOJA

Katika mkutano wenu wekeni mezani maharagwe 100. Hayo ndiyo matokeo yote ya mtoto. Yagaweni mafungu matatu:

1. Maharagwe 20: mtihani wa KPSEA, unaofanywa mwisho wa Gredi ya 6.
2. Maharagwe 20: tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8.
3. Maharagwe 60: mtihani wa KJSEA, mwisho wa Gredi ya 9.

Sasa lifunikeni lile fungu la 60 kwa leso. Yaliyobaki wazi ni maharagwe 40. Hayo mtoto ameshayapata, au ameshayakosa, kabla hajaingia Gredi ya 9. Waulizeni wenzenu: ni nani kati yetu alijua?

HESABU INAVYOKWENDA

Tuchukue mfano wa watoto wawili. Mtoto wa kwanza alipata 50 kwa mia katika KPSEA. Nusu ya 20 ni 10. Katika tathmini za shuleni wastani wake ni 70 kwa mia. Katika fungu la 20 hiyo ni 14. Katika KJSEA amepata 60 kwa mia. Katika fungu la 60 hiyo ni 36. Jumlisha 10, 14 na 36. Amepata 60.

Mtoto wa pili ana akili ile ile. KPSEA yake ni 10, KJSEA yake ni 36. Lakini Gredi ya 8 alikaa nyumbani sana, kazi nyingine hakuifanya, na wastani wake wa tathmini za shuleni ukashuka hadi 50. Hiyo ni alama 10. Jumla yake ni 56.

Alama nne zimekwenda, na si kwa sababu hakusoma vizuri Gredi ya 9. Zilipotea mwaka uliopita, na hakuna atakayezirudisha.

Mkumbuke pia kwamba siku hizi hakuna kuulizana "umepata ngapi kwa mia tano?" Kila somo lina kiwango chake: Kuzidisha Matarajio, Kufikia Matarajio, Kukaribia Matarajio, na Mbali na Matarajio. Kila kiwango kimegawanywa mara mbili, kwa hivyo viko vinane, na pointi zake ni 8 hadi 1. Matokeo haya ndiyo yanasaidia kumpeleka mtoto kwenye mkondo wa sekondari ya juu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, au Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo.

PALE ALAMA ZINAPOVUJA

Baraza la Mitihani, KNEC, ndilo linalotayarisha kazi za tathmini. Mwalimu anazichukua kwenye mtandao wa KNEC, anawapa watoto, anasahihisha, kisha anaingiza alama kwenye mtandao huo huo. Mtoto ambaye hayuko siku hizo ana shida.

Na kwa nini hayuko? Tumewaona waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula. Tumewaona waliobaki shambani wakati wa kupalilia. Tumewaona wasichana waliobaki kumuuguza nyanya au kumlea mdogo wao. Zamani tulisema, "Atasoma baadaye, mtihani bado." Leo siku hiyo inaweza kuwa ndiyo mtihani wenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo si zuri kulisema, lakini tuliseme. Mzazi anapomtengenezea mtoto kazi ya mradi, au anapolipa fundi aitengeneze, alama zitaingia lakini mtoto hakujifunza kitu. Akifika KJSEA atakuwa peke yake na lile fungu la 60. Huo ni uongo tunaomfundisha mtoto kwa mikono yetu wenyewe. Afadhali kikapu kilichopinda alichosuka mwenyewe.

TUFANYE NINI?

1. Mwanzo wa muhula, mwulize mwalimu wa darasa: tathmini ni lini, na zinahitaji vifaa gani? Andika tarehe ukutani.
2. Siku hizo, mtoto asibaki nyumbani kwa kazi yoyote. Kama pesa za chakula hazijapatikana, nenda wewe shuleni ukaongee na mwalimu mkuu. Usimtume mtoto akaongee badala yako.
3. Mtoto akiugua, mjulishe mwalimu siku hiyo hiyo, na uulize kama anaweza kufanya ile kazi baadaye.
4. Akihama shule, chukua nambari yake ya tathmini ya KNEC na uhakikishe shule mpya inayo.
5. Mwisho wa mwaka, uliza kwa heshima: "Mwalimu, alama za mtoto wangu zimeingizwa?" Walimu wana watoto wengi na mtandao unasumbua. Kuuliza si kugombana.

Na wewe ambaye mtoto wako tayari yuko Gredi ya 9 na anajua hakufanya vizuri huko nyuma, usimkatishe tamaa. Maharagwe 60 bado yako mezani, na hayo ni zaidi ya nusu. Mpe taa, mpe muda, mpunguzie kazi za jioni.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika jumuiya yetu, ni watoto wangapi wa Gredi ya 7 na 8 walikosa shule muhula uliopita? Ni kwa nini?
2. Ni familia gani tunaweza kuisaidia kwa pesa za chakula au kwa mikono shambani, ili mtoto asikose tathmini?
3. Nani atakwenda shuleni kutuulizia tarehe, na atatuletea jibu lini?

Msifunge mkutano kabla swali la tatu halijapata jina la mtu na siku. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mtoto kinaanza kujazwa kabla ya Gredi ya 9.