Samaki wa Kigoma ndani ya tangi, Wete

Swali: Nimeletewa kutoka Kigoma samaki wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Niwatie maji ya bahari? Mbona wanajificha tu?

Jibu: La, maji ya bahari yatawaua. Ziwa Tanganyika ni la maji baridi, ila yana madini mengi na pH yake hukaribia 9. Tumia maji ya kisima yasiyo na chumvi. Ya mfereji yalaze siku nzima klorini itoke.

Kujificha si ugonjwa. Kila mmoja ana gamba lake, huchimba mchanga na kulifukia mpaka libaki tundu tu, na jike hutaga humo humo. Basi tandaza mchanga laini kama sentimita 5. Wa pwani unafaa ukioshwa chumvi yote ikatoka. Chembe zake za matumbawe huyaongezea maji madini. Magamba yazidi idadi ya samaki, la sivyo watapigana. Ya konokono wakubwa wa shambani, yakichemshwa, yanatosha kabisa.

Joto la Pemba halihitaji hita. Mimi nachelea umeme: mashine ya hewa ikizima, chota maji ya tangi kwa kikombe uyamimine kutoka juu, tena na tena.