Sadaka Katika Simu Zetu: Nani Apigwe Picha?



Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika. Mliokuwa Rubavu mnakumbuka. Kwa wanaosoma kutoka mbali: mvua ya usiku ule iliua watu zaidi ya 130 katika Magharibi na Kaskazini mwa nchi yetu, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Huko Nyundo, Kanama na Rugerero maji na tope viliingia majumbani watu wakiwa wamelala. Tulikuwa katika mwezi wa Shawwal, Idi haijatimiza wiki mbili.

Asubuhi yake sisi wanafunzi tulishika simu. Tuliandika ujumbe mfupi, tukautuma kwenye makundi ya WhatsApp, na kabla ya adhuhuri pesa zilikuwa zinaingia kwa MoMo, nyingine kutoka kwa watu tusiowajua kabisa. Tulinunua magodoro, blanketi, sabuni na unga, tukapeleka. Mimi nilipewa kazi ya habari, basi nikapiga picha.

Picha moja ilipendwa kuliko zote. Mama mtu mzima, muuza sambaza anayejulikana mtaani kwa heshima zake, amekumbatia godoro, macho yamelowa. Niliiweka stetasi, wenzangu wakaichukua, na pesa zikaongezeka. Siku ya pili mama yule akanipigia. Mwanawe anayefanya kazi Kampala alikuwa ameiona picha kabla mama hajamweleza lolote, akamuuliza kwa uchungu kwa nini ameanza kuombaomba. Mama hakunigombeza. Aliniambia tu, “Mwanangu, godoro nalilalia, Mungu awalipe. Lakini uso wangu mngeniachia.”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma mlango wa sadaka kwa jicho jingine, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kutangaza si haramu. Aya ya 271 ya Sura al-Baqara inasifu sadaka inayotolewa wazi, kisha inasema ile inayofichwa na kupewa mafukara ni bora zaidi. Na katika Sahih Muslim, Jarir bin Abdillah anasimulia kuhusu watu wa kabila la Mudhar waliofika Madina karibu uchi kwa ufukara. Uso wa Mtume (s.a.w.) ulibadilika. Aliswalisha, akahutubia, akawahimiza watu watoe hata kipande cha tende. Mtu mmoja wa Ansari akaja na mfuko ambao mkono wake ulikaribia kushindwa kuubeba, wengine wakamfuata, mpaka yakapatikana mafungu mawili, la chakula na la nguo. Hapo ndipo Mtume alipotaja ujira wa anayeanzisha jambo jema likafuatwa.

Nimeirudia hadithi hii mara nyingi. Hebu tazama aliyeonekana ni nani. Ni mtoaji aliyebeba mfuko, na ni mafungu ya vitu vilivyokusanywa. Wale wa Mudhar shida yao imetajwa, lakini hakuna hata mmoja aliyesimamishwa mbele ya watu ashike nguo aliyopewa. Sisi tulifanya kinyume: mtoaji tulimficha nyuma ya namba ya simu, tukamwanika mpokeaji.

Imamu al-Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, kitabu cha siri za zaka, anaruhusu kudhihirisha pale inapotarajiwa watu waige, huku mtoaji akiulinda moyo wake na riya. Lakini aya ya 264 ya sura ileile inaonya juu ya jambo jingine: sadaka hubatilishwa kwa masimango na maudhi. Nilikuwa nikidhani maudhi ni maneno makali tu. Na aya ya 273 inawataja mafukara ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao. Mama yule alikuwa mmoja wao, mimi nikaivunja sitara yake kwa kidole kimoja.

Mtasema: si tungemwomba ruhusa? Nilimwomba, akaitikia. Ila mtu aliyelala kwenye tope usiku kucha, godoro likiwa bado mkononi mwako, atakataaje? Ruhusa ya namna hiyo siihesabu tena.

Jambo la pili ni ukweli wa habari. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakamiminika huku Gisenyi usiku, kisha ardhi ikatetemeka siku kadhaa na nyumba zetu zikapasuka, simu yangu ilijaa video. Nyingine nilizituma mbele bila kuuliza zimetoka wapi. Aya ya 6 ya Sura al-Hujurat inaamrisha kuhakikisha kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Kwa hiyo sasa kila ombi letu lina tarehe, jina la mahali, na siku ambayo mchango unafungwa.

La tatu nalitaja kwa ufupi, kwa kuwa linahitaji makala yake: zaka na sadaka zisichanganywe kwenye namba moja. Zaka ina makundi manane katika Sura at-Tawba, aya ya 60, na aliyetuma zaka yake amekuamini uifikishe huko. Tunamwomba mtumaji aandike nia yake, na kila kundi la pesa lina daftari lake.

Siku hizi tunapiga picha magodoro yakiwa dukani, risiti, na nyumba iliyobomoka baada ya mwenyewe kuondoka. Jioni tunatangaza kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Michango imepungua kidogo, sitawadanganya. Wenzangu wawili bado wanaona nimezidisha.

Ile picha ya mama niliifuta siku ileile, nikawaomba walioisambaza nao wafute. Wengi walifuta. Mwezi uliopita mtu nisiyemjua alinitumia picha ileile, haina tarehe wala jina la mahali, akiniuliza msaada wa mama huyu atume kwenye namba gani.